Wakwe Waliokutana Ghat

Bon Accueil, Morisi
14 Agosti 2009

Kwa Mama Gaetan,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini barua hii inakukuta u mzima, na jamaa wote wa huko Rodrigues hawajambo. Sisi huku tunamshukuru Mungu. Magoti yangu tu ndiyo yananigomea asubuhi, lakini yakishapata moto yananipeleka popote.

Hunijui kwa sura. Jina langu Sookmeen Lutchmun, mama yake Ourmila, mke wa mwanao. Watoto wetu wana miaka minne katika ndoa, na sisi wawili hatujawahi kupeana hata habari za asubuhi. Anwani yako nimepewa na Ourmila sokoni Flacq. Ndiko tunakokutana mimi na mwanangu kila Jumatano, kati ya meza za nyanya na za vitambaa, kama watu wa magendo. Nyumbani hakanyagi. Siku ile Ourmila alipolitaja jina la Gaetan, mume wangu Dhunraj alimwambia, "Ukitoka hapa kwenda kwa Mkrioli, mtu asiye wa damu yetu, usihangaike kurudi." Akatoka. Hakurudi. Na baba mtu hajalitaja jina lake tena. Akitaka kumwulizia, husubiri nimpakulie chakula, kisha husema, "Sokoni kulikuwa na watu?" Nami nikijibu, "Walikuwapo, wazima," basi anaendelea kula.

Sasa Ourmila ni mjamzito, atajifungua mwezi wa kumi. Bila shaka unajua. Mimi mama yake ndiye niliyepaswa kumkanda, kumchemshia uwatu na manjano, kumwogesha mtoto. Lakini nitakwendaje Beau Bassin nikalala huko? Nikiondoka nyumbani nitakuwa nimechagua, na mimi sitaki kuchagua. Nawataka wote wawili. Kwa hiyo nakuomba wewe: njoo umwangalie mwanangu katika uzazi wake. Najua ni safari ndefu, na hatujazoeana kiasi cha kuombana kitu kikubwa hivi. Lakini nimwombe nani mwingine?

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu Ourmila kaniambia simu kwako haifai. Nijibu kwa anwani ya dukani hapo juu ya bahasha. Mwenye duka ni mtu wangu.

Wasalimie wote.

Mimi,
Mama Ourmila


Petit Gabriel, Rodrigues
2 Septemba 2009

Mama Ourmila,

Mimi mzima, kuku wazima, maharage yametoka vizuri mwaka huu. Salamu zako nimezipokea kwa mikono miwili. Hayo magoti yapake mafuta ya nazi yenye pilipili. Yakikuwasha mpaka ukanitukana, ujue yanapona.

Kweli simu kwangu haifai. Masikio yangu yalikufa kwa homa nikiwa bado msichana. Nasoma midomo. Mtu akinitazama usoni akasema polepole, namwelewa vizuri kabisa. Akigeuka kando, basi, najibu chochote kinachonijia. Ndivyo nilivyoolewa. Marehemu aliniuliza kama nataka maji, kichwa amekiinamisha kwa haya, na mimi nikamjibu, "Ndiyo, lakini kamwambie baba kwanza." Akaenda kumwambia.

Tena nakuonya mapema: kwa kuwa sijisikii, nazungumza kwa sauti kubwa. Kanisani wamenihamishia benchi la nyuma.

Sasa hili la kuja. Mwanamke wewe! Unaniomba nikamwone mjukuu wangu wa kwanza, halafu unasema "kitu kikubwa"? Sanduku nimelifunga tangu mwezi uliopita. Nilichokuwa nangoja ni neno lako, maana mama mzaa binti yupo hai, na mimi siingii chumba cha uzazi kwa kusukuma mlango. Neno umelitoa, nakuja. Nitakuja kwa meli. Ndege siipandi, kitu kinachokaa hewani bila kushikwa na chochote sikiamini. Nitaleta maharage mekundu, asali, achari ya ndimu na pweza mkavu. Huyo pweza mtaamua wenyewe, sijui kama mnakula.

Uwatu huo unachemshwa kiasi gani? Niandikie taratibu, kama unamwandikia mtoto. Nataka Ourmila akinywa aseme ni wa mama yake.

Na huyo mumeo. Nisikilize (mimi ndiye namwambia mtu asikilize!). Miaka yote hii nimekuwa na hasira naye. Gaetan wangu si mlevi, si mvivu, anatia umeme majumbani mwa watu na hajamwunguza mtu. Lakini ile habari ya "Sokoni kulikuwa na watu?" nimeisoma, nikaweka barua chini, nikaichukua nikaisoma tena. Hasira ikapungua kidogo. Kidogo tu. Usimwambie.

Mkwe wako, apende asipende,
Lisebie


Bon Accueil
27 Septemba 2009

Mkwe wangu Lisebie,

U hali gani wewe na kuku wako? Mimi magoti yananiwasha na nimekutukana, kwa hiyo nadhani napona. Barua yako niliisomea jikoni. Nilicheka mpaka Dhunraj akaja kuuliza kuna nini, machozi yananitoka. Nikamwambia ni vitunguu.

Maelezo ya uwatu nimeyaandika kwenye karatasi ya pili. Usizidishe sukari guru, Ourmila hapendi tamu sana, alivyo mgumu kama baba yake.

Nina jambo nimeliwaza, nataka unisaidie. Tarehe mbili Novemba ni sikukuu ya kukumbuka kufika kwa wazee wetu. Chama cha wazee cha hapa kijijini hukodi basi kwenda Port Louis, pale Ghat, kituo cha zamani walikoshushwa vibarua wa mkataba kutoka India, wakahifadhiwa hapo, kisha wakagawiwa kwenye mashamba ya miwa. Dhunraj hajakosa hata mwaka mmoja. Huvaa shati jeupe analolipiga pasi mwenyewe, maana kwa kola haniamini. Mimi sijafika huko hata siku moja. Kila mwaka nabaki na ng'ombe. Mwaka huu ng'ombe tumemuuza, naye hana sababu ya kuniacha.

Wewe utakuwa bado upo kwa watoto. Njoo Ghat asubuhi, tuonane. Kisha mchana Ourmila na Gaetan waje kukuchukua, mtoto mikononi. Pale mahali humlainisha Dhunraj, mimi nimeona. Akirudi haongei na mtu. Huingia bustanini kwenye mitango yake, akakaa huko mpaka chai inapoa. Akimwona mtoto pale, walipoanzia watu wetu, hawezi kugeuza uso. Nakwambia hawezi.

Usidhani sioni alichokosea. Siku zote wimbo wake ni mmoja: "Wazee wetu walivuka bahari hawana kitu ila damu yao na jina lao. Ndivyo tulivyoachiwa, vingine vyote tumetafuta wenyewe." Nikimwambia damu ya Ourmila ni hiyo hiyo, hujibu, "Ndiyo maana." Utamjibu nini mtu kama huyo?

Nakungoja.

Mkwe wako,
Sookmeen


Port Mathurin, Rodrigues
9 Oktoba 2009

Mkwe,

Naandika nimesimama, hapa bandarini, kwa kalamu ya kuazima. Salamu utazipata mdomoni mwangu. NI MSICHANA! Jirani yangu ndiye aliyepokea simu, akaja mbio akinipungia mikono mpaka nikadhani jiko langu linaungua. Ourmila mzima. Jina wamempa Noemi. Gaetan amelia kwenye simu, hata jirani akaona haya kumsikiliza.

Meli wanapakia ng'ombe kwanza, kisha mbuzi, kisha sisi. Barua hii naipa watu wa ndege, itanitangulia.

Novemba tarehe mbili, Ghat. Nitavaa kofia ya majani. Nitakutambua kwa machozi, nahisi.

Lisebie


Beau Bassin
6 Novemba 2009

Mkwe wangu Sookmeen,

Magoti yanasemaje baada ya kusimama siku ile yote? Na macho, yamepungua kuvimba? Huku Ourmila mzima, uwatu anaunywa akikunja uso, na Noemi ananyonya kama anayekimbizwa.

Nimekuona siku moja tu na tayari nina hamu nawe. Nilidhani mwanamke mwenye barua ndefu hivyo atakuwa mrefu. Kumbe unanifika kifuani! Uliponikumbatia pale langoni nilihisi unasema kitu shingoni mwangu, sikuweza kukisoma. Sikukuuliza. Nilikielewa.

Kelele zangu mnisamehe. Yule kijana wa kutembeza wageni alikuwa anaeleza, watu wote kimya, ndipo mimi nikauliza, "WANAWAKE WALIJIFUNGULIA WAPI?" Niliona vichwa vyote vya chama chenu vimegeuka. Lakini nilitaka kujua. Alikwisha kutuonyesha ngazi walizopandia kutoka majini, na jiko, na vyoo, na misingi ya mabanda walimolala wakingoja kugawiwa, na kila alichosema kilikuwa cha wanaume. Basi akatuonyesha vyumba vya hospitali. Akasema wengine walijifungua baharini, wakapanda ngazi zile na vichanga mikononi. Mumeo alikuwa amesimama karibu nami. Mpaka hapo, tangu umwambie mimi ni mama wa Gaetan, alikuwa amenikaribisha kwa heshima tu, mikono pamoja kifuani, bila neno. Kijana aliposema hivyo nikaona taya la mumeo linacheza.

Nawe unajua yaliyofuata. Tumekaa nje kivulini, tunakula, watoto wakatokea. Ourmila mbele, Noemi ndani ya shali yako ya njano, ile uliyompa Ourmila sokoni. Gaetan nyuma, amevaa tai, mwanangu ambaye hata siku ya harusi tai ilimshinda. Mzee wako akawaona. Akaiweka chini chapati yake ya dengu, akainuka, akawapa mgongo, akarudi ndani kwenye magofu peke yake. Wewe ukamwangukia bintiyo begani ukalia, ndiyo maana hukuona mimi nilikokwenda.

Nilimfuata. Sikwenda kumbembeleza, Sookmeen. Nilikwenda kumtukana. Maneno nilikuwa nayo tayari, mengine ya bandarini. Nikamkuta amekaa juu ya ukuta mfupi wa mawe, kofia mkononi. Nikakaa mbele yake, nikavuta pumzi. Kabla sijafungua mdomo, akaanza yeye.

Alisema kwa muda mrefu. Mwanzo nilidhani ananiambia kwa kuwa mimi ni kiziwi, kama mtu anayemweleza ng'ombe siri zake. Lakini mtu wa namna hiyo hutazama chini. Yeye hakuugeuza uso hata mara moja. Nilipokosa neno aliona, akalirudia polepole. Alitaka niyapate yote. Nikayapata. Matusi yangu nikarudi nayo vile vile.

Alichosema sitakuandikia. Ni chake, si changu. Mwulize wewe.

Na umwulize mapema. Jioni ile tuliporudi hapa, Gaetan alivua tai, akasema, "Mama, tumechoka kubisha hodi. Baada ya Krismasi tunahamia Rodrigues. Umeme upo huko pia." Nikamtazama Ourmila. Alikuwa ananyonyesha. Akasema, "Nimekubali, mama," lakini uso hakuinua, nikalazimika kuinama ili nisome.

Unajua hiyo ingekuwa furaha gani kwangu? Chumba ninacho, dirisha linatazama mashamba. Watu kisiwani petu wanaondoka, hawarudi. Mimi ningekuwa mama ambaye wake amerudi, tena na mke na mtoto. Ningekaa kimya tu, nipande meli yangu, na Noemi angekuja akajifunzia kutembea kati ya kuku wangu. Nimeliwaza hilo, sikufichi. Nimeliwaza na nikalifurahia usiku mzima.

Lakini asubuhi nilimwona bintiyo anakunja shali yako. Aliikunja, akainusa, akaikunjua, akaikunja upya.

Mwulize mzee wako, Sookmeen. Mwulize kabla ya Krismasi.

Meli inaondoka kesho. Wazee wenzako wa chama wasalimie, waambie masikio yao yatapona.

Mkwe wako,
Lisebie


Petit Gabriel
1 Desemba 2009

Mkwe,

Nilifika salama. Bahari ilichafuka, mbuzi wametapika, mimi sikutapika. Mvua imeanza.

Sijapata barua yako. Kila ndege ikitua namtuma mtu posta, wananipungia mkono hapana kutoka mbali ili nisichoke kungoja. Unaumwa? Nilikosea kukuambia umwulize? Kama nimeleta ugomvi nyumbani kwako niambie, nibebe lawama yangu.

Gaetan ameandika kwamba nipake rangi kile chumba. Nimepaka. Rangi ya samawati.

Lisebie


Bon Accueil
22 Desemba 2009

Lisebie, dada yangu,

Nisamehe kimya. Siumwi, na ugomvi haukuwapo. Kulikuwa na kitu kibaya kuliko ugomvi: nyumba isiyosema. Sikutaka kukuandikia mpaka niwe na la kukuambia. Leo ninalo. Kaa kitako.

Siku ileile niliyopata barua yako nilimwuliza. Akasema, "Nani kakwambia kuna neno?" akatoka kwenda bustanini. Sikumfuata. Jumatano nikaenda sokoni, Ourmila akaniambia mwenyewe habari ya kuhama. Alinishika mkono kati ya watu, akasema, "Mama, usinililie hapa, watu watadhani umeibiwa." Nikazuia. Nyumbani nikampakulia Dhunraj, naye kama kawaida yake, "Sokoni kulikuwa na watu?"

Nikamwambia, "Wapo kwa sasa. Baada ya Krismasi hawatakuwapo. Wanahamia Rodrigues."

Akaweka kijiko chini. Tangu siku hiyo akawa anakula nusu ya chakula chake. Mvua inanyesha, naye unamkuta nje na kopo anamwagilia mitango. Nami nikasema moyoni, nikimsukuma atajifunga zaidi, namjua. Nikangoja. Kungoja kule, dada, sikutakii.

Jumamosi iliyopita asubuhi nilikuwa barazani nachambua dengu. Akaja akakaa chini kando yangu, mtu ambaye siku zote hukaa kitini. Akaanza kunisaidia kutoa mawe. Kisha akasema, "Mama Ourmila, mimi si Lutchmun."

Nikamtazama, nikadhani jua limempiga.

"Babu aliniambia," akasema. "Mimi mtoto, yeye yu karibu kufa. Mama yake alipanda meli Kalkuta peke yake, mimba imekomaa. Mwenye mimba nani, na kwa nini alikuwa peke yake, hakusema mpaka anaingia kaburini. Akajifungua katikati ya bahari, na mtoto huyo ndiye babu. Walipopandishwa ngazi pale Ghat wakawekwa bandani. Msimamizi akapita akiuliza kila mwanamke ni wa nani. Akamfikia yeye. 'Na huyu wa nani?' Mama huyo akainamisha kichwa. Akauliza tena. Sasa kulikuwa na mtu mmoja pembeni, mtu wa Madras, ameshuka kwenye meli nyingine. Hata lugha hawakuwa wakielewana. Akasimama yule mtu, akasema, 'Ni wangu. Na mtoto ni wangu.' Basi. Huyo ndiye Lutchmun. Babu alisema mtu huyo alimbeba begani kutoka Ghat mpaka shambani, na hakumtofautisha na waliozaliwa baadaye hata kwa kipande cha roti."

Nikaacha dengu. Miaka yote niliyoishi naye! Nikamwuliza, "Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambia nini? Nimekulia kwenye watu wanaoulizana ukoo kabla ya kuulizana hali. Kila mwaka naenda pale kumshukuru yule mzee, na kila mwaka narudi najificha kwenye mitango. Yeye alimchukua mtoto wa mtu asiyemjua. Mimi nimemfukuza wangu mwenyewe, kwa ajili ya damu nisiyojua ni ya nani."

"Na Mama Gaetan ulimwambiaje?"

Akacheka kidogo, Lisebie. Kicheko cha kwanza tangu Novemba. "Yule mama aliuliza habari za babu yangu mbele ya watu wote, tena kwa sauti ya honi. Nikaona huyu ndiye wa kuambiwa. Anasikia kuliko nyinyi."

Tukakaa. Nikamaliza dengu. Nikamwuliza, "Sasa unangoja nini?"

Akasema, "Nangoja shati likauke."

Nikageuza uso, nikaliona limeanikwa kwenye kamba. Alikuwa amelifua mwenyewe alfajiri.

Tukapanda mabasi mawili kwenda Beau Bassin, yeye amepakata boga la bustanini kama mtoto. Tukafika kwenye yale majengo ya ghorofa, yote yanafanana, yote yana nguo madirishani, na mimi mlango siujui, wala yeye. Tukazunguka. Mwanamke mmoja wa ghorofa ya juu, anaanika shuka, akatuona tumesimama kama tumeshushwa na mvua. Akaita, "Wazee, mnamtafuta nani?"

Nikafungua mdomo nijibu, maana Dhunraj hajawahi kujibu watu wa barabarani. Akanitangulia. Kwa sauti, dada, ambayo hata wewe ungeisikia. "Natafuta nyumba ya mkwe wangu! Gaetan! Fundi umeme!"

"Na wewe nani?"

"Mimi babu yake Noemi!"

Nilikuwa sijui kama analijua jina la mtoto. Mimi sikuwahi kumwambia.

Mwanao alikuja mlangoni mikono imejaa povu. Hakumrukia shingoni, nisikudanganye. Alisimama tu. Dhunraj akasema, "Nimechelewa." Gaetan akasema, "Ndiyo, baba. Umechelewa sana." Wakatazamana. Mimi nilidhani mlango utafungwa, na moyoni nikasema akifunga ana haki. Kisha Gaetan akasema, "Haya, ingieni. Tunamwogesha mtoto, maji yanapoa."

Ourmila alikuwa amepiga magoti kando ya beseni. Alipomwona baba yake hakuweza kuinuka, mkono wake ulikuwa umeshika kichwa cha mtoto. Basi mzee akaweka boga chini, akapiga magoti yeye, na shati lake jeupe, akaingiza mkono majini chini ya mkono wa mwanawe. Noemi akapiga teke maji, yakamwingia babu yake machoni, na hapo ndipo alipopata kisingizio cha kulia.

Nilikaa huko siku tatu. Yeye alirudi jioni, akaja tena kesho yake, na kesho yake, na kila siku na boga.

Sasa, dada, kuna jambo la mwisho, nalo nashindwa kuliandika. Hawahami. Gaetan amesema hivyo mwenyewe, jana, wakati anamwonyesha mzee swichi za umeme. Atakuandikia, lakini nimetaka ulijue kwangu kwanza. Najua umepaka rangi chumba. Ungeninyamazia, ungekuwa nao wote watatu mezani kwako sasa hivi. Hukuninyamazia. Nimekaa na kalamu tangu asubuhi nikitafuta neno la kukuambia, sijalipata, nami sitaki kukutumia neno dogo.

Dhunraj yuko nyuma yangu. Anasema nikuandikie kwamba yule pweza uliyemleta amemla.

Dada yako,
Sookmeen


Petit Gabriel
8 Januari 2010

Sookmeen wangu,

Mwaka mpya mwema kwako na kwa mzee na maboga yake. Mimi nipo, mzima.

Nililia, kwa nini nikufiche. Niliisoma barua yako mpaka mwisho, nikaenda nikafunga dirisha la chumba kile, nikalia. Kisha nikaenda kupalilia maharage, na nilipokuwa napalilia nikamwona mzee wako amepiga magoti kwenye beseni na shati jeupe. Nikacheka peke yangu shambani mpaka jirani akaja kutazama kama nimeumwa na kitu.

Usitafute neno la kuniambia. Nifanyie hili tu. Wewe utamwona Noemi kila siku, mimi nitamwona pale meli itakapokubali. Kwa hiyo akiota jino usiniandikie tu, "Ameota jino," kama taarifa ya posta. Nataka kujua ni la juu au la chini, aliumwa vipi, alimwuma nani wa kwanza, na wewe ulikuwa umekaa wapi. Nataka ukurasa mzima, mbele na nyuma.

Dada yako,
Lisebie